Wetu waliokufa 1892 hadi 1894 wako wapi?

Bwana Mhariri,

Huko Blankenberge, Ubelgiji, kando ya bahari, kuna mnara wa Lippens na De Bruyne, maafisa wa Kibelgiji waliouawa Kasongo, huku mashariki mwa Kongo, Desemba 1892. Kwao wanakumbukwa. Mimi nauliza juu ya watu wetu.

Vita vile vya 1892 hadi 1894 husimuliwa kana kwamba walipigana Wazungu na Waarabu peke yao. Si kweli hata kidogo. Jeshi la Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, lililoingia Nyangwe Machi 1893, kisha Kasongo tarehe 22 Aprili, lilijaa Waafrika, wakiwemo wapiganaji wa chifu Gongo Lutete. Huyo alikuwa amemwacha Sefu, kiongozi wa Waarabu na mwana wa mfanyabiashara Tippu Tip, akajiunga na Wabelgiji. Septemba mwaka huohuo wao wenyewe wakampiga risasi. Kabambare ikaanguka Januari 1894. Na wapagazi? Na akina mama waliochomewa vijiji? Majina yao hakuna aliyeyaandika.

Msimu uliopita, nikilima muhogo hapa Kabambare, jembe liliibua ushanga wa kioo, wa buluu, umelika upande mmoja. Mwanangu akauliza ulikuwa wa nani. Nilimweleza habari za misafara ya pembe na watumwa iliyopita hapa kwenda Ujiji kabla ya vita vile, wala sikumficha kwamba waliowakamata watu wengine walikuwa ndugu zetu wenyewe.

Tafadhali, tengeni ukurasa kwa masimulizi ya wazee wa Kasongo na Kabambare, ya waliouza na ya waliouzwa, wazee wangali hai. Ushanga nimeuhifadhi kwenye kikopo. Mwandishi wenu akifika, nitamwonyesha.

Msomaji wenu,
Kabambare