Tumtendee Kibarua Haki

Jina "kibarua" lilitokana na karatasi ndogo ya kuhesabia siku za kazi. Hapa Nachingwea na Ruangwa wengi wangali wakihesabiwa hivyo, katika maghala ya korosho, ujenzi na machimbo.

Kibarua wa msimu wa korosho tunamwelewa, kwani msimu una mwisho. Tunachopinga ni kazi ya mwaka mzima kupewa watu wanaobadilishwa kila mara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimkinga na kuachishwa isivyo haki mfanyakazi aliyetimiza miezi 6. Kumwondoa mwezi wa tano ili mwingine ashike nafasi ileile ni kuikwepa haki hiyo. Tena, michango ya NSSF isipopelekwa, gharama haifutiki: uzee na ugonjwa wake hubebwa na shamba la wazazi, deni la dukani na Jumuiya zetu Ndogo Ndogo.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII alifundisha kuwa ujira sharti umtosheleze mfanyakazi kuishi. Viongozi wa jumuiya, waulizeni vibarua kama wana mikataba ya maandishi. Nazo parokia zianze na mlinzi na mpishi wao wenyewe.