Shahada Mbili kwa Kazi Gani?



Katika kikao cha mwezi uliopita, kamati yetu ililetewa ombi lililotugawanya. Ndugu yetu mmoja, mwenye lisansi na masta ya sheria, aliomba mfuko wa mshikamano umsaidie kulipa minervali ya masta ya pili, hii ya usimamizi wa biashara. Mezani palikuwa na maombi mengine manne, yote ya vijana ambao hawajamaliza hata lisansi ya kwanza. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuzuiwa kuingia katika mtihani kwa sababu ya deni la dola 180. Mjadala ulichukua saa mbili na nusu. Wengi walisimama upande wa mwanasheria. Hoja yao ilikuwa ile tunayoisikia kila mahali siku hizi: kwamba shahada moja ni kiatu cha mguu mmoja, na kwamba usimamizi wa biashara ndio mguu wa pili wa kila elimu, iwe sheria, utabibu, uhandisi au kilimo.

Sisi tuliopinga tuliombwa tuandike sababu zetu. Tunaziandika hapa bila kupunguza ukali, kwa maana jambo hili halimhusu mtu mmoja tu. Katika kila kundi la vijana tunalolitembelea, kuna mmoja au wawili wanaojiandaa kwa shahada ya pili, na nyuma yao kuna familia ambayo imekwisha kuuza kiwanja au inakaribia kukiuza.

Tuanze na asili, kwa sababu wengi wanalisifu jambo hili bila kujua lilikotoka. Shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile inayoitwa MBA, ilianza kutolewa na Harvard, nchini Marekani, katika shule iliyofunguliwa mwaka 1908. Baadaye vyuo vya huko viliona kwamba mwanasheria anayetaka kushauri makampuni husoma miaka 3 ya sheria, kisha miaka 2 ya biashara, na kwamba baadhi ya masomo hayo yanaweza kuhesabiwa pande zote mbili. Wakayaunganisha: miaka 4 badala ya 5, na katika vyuo vichache miaka 3 tu. Daktari naye, ambaye angesoma miaka 4 ya utabibu na 2 ya biashara, mara nyingi humaliza yote kwa 5. Mtu atazame vizuri maana yake. Shahada ya pamoja ilibuniwa ili kupunguza miaka. Ada ya mwaka mmoja katika shule kubwa za biashara za huko imepita dola 70,000. Anayeokoa mwaka mmoja anaokoa ada hiyo pamoja na mshahara wa mwaka mzima ambao angeukosa. Ni hesabu ya mfanyabiashara, na kwa mahali pake ni hesabu safi.

Kwetu hesabu hiyo imegeuzwa kichwa chini. Tangu mfumo wa lisansi, masta na udaktari ulipoenezwa nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ina krediti 180 na masta ina krediti 120. Anayeongeza masta ya pili, katika hali zote tulizozishuhudia, huanza upya: krediti 120 nyingine, minervali nyingine, kazi nyingine ya mwisho wa masomo, na zile gharama zisizoandikwa katika karatasi yoyote ya chuo ambazo kila mwanafunzi anazijua. Hakuna somo hata moja linalohesabiwa mara mbili. Tumeazima jina la kitu kilichobuniwa kufupisha njia, tukalitia juu ya njia iliyorefushwa.

Na kwa nini njia inarefushwa? Tuseme kweli. Kijana amemaliza, amepeleka barua, hakuna aliyemjibu. Kukaa nyumbani ni aibu. Kuitwa mwanafunzi si aibu. Baba anapoulizwa na jirani, ni afadhali ajibu kwamba mtoto anaendelea na masta ya pili kuliko kujibu kwamba mtoto yupo tu. Hatumcheki baba huyo, wala mtoto. Lakini tunakataa kuiita elimu kile ambacho ni chumba cha kungojea, tena chumba kinacholipiwa kiingilio kila mwezi wa kumi. Kuna wanaonufaika na kungojea huko, nao si wale wanaongojea.

Wenzetu walituambia: mwenye karatasi mbili hafungiwi mlango. Tunawauliza: ni mlango upi uliofunguka? Waliojiriwa tunaowafahamu, mwajiri aliwauliza wamefanya kazi gani, wapi, na kwa muda gani. Profesa Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, kule Kanada, aliandika kitabu kizima mwaka 2004 kuonyesha kwamba kuongoza ni kazi ya mikono na macho kama ilivyo ya kichwa, na kwamba kumfundisha uongozi mtu ambaye hajawahi kuongoza chochote ni kumpa majibu ya maswali asiyokuwa nayo. Yeye alifundisha katika shule ya usimamizi, wala hakuwa adui aliyesimama nje na kurusha mawe. Shule nyingi kubwa za biashara zenyewe hupendelea mwombaji aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa. Sisi tunataka kuanza pale ambapo wao wanafikia.

Ushahidi wa karibu tunao nyumbani, nao unatuuma. Chama chetu kiliwahi kuendesha kinu cha kusaga mahindi. Vijana wawili wenye masta, mmoja wa uchumi na mmoja wa usimamizi, walituandikia mpango wa kurasa 46, wenye majedwali ya rangi. Kinu kilikufa mwezi wa kumi na moja. Haukukosekana mpango, alikosekana mtu wa kuhesabu magunia yanayoingia na ndoo za unga zinazotoka, na siku mota ilipoungua, fedha za kununua nyingine zilikuwa zimekwisha kugawanywa kama faida. Wengine walitoa fundisho la haraka kwamba mama wa sokoni angeendesha vizuri kuliko wasomi. Hatukubaliani nao pia. Mama aliyeshika kinu baada ya hapo alihesabu vizuri, lakini alipotakiwa kuandika taarifa kwa shirika lililotupatia mota ya pili, alishindwa, na sisi hatukumsaidia kwa wakati. Kinu kilihitaji elimu zote mbili mahali pamoja. Hapo ndipo tulipoanza kufikiri upya.

Kwa maana tusieleweke vibaya: hatusemi kwamba elimu mbili katika mtu mmoja ni upuuzi. Tunasema elimu mbili lazima zikutane katika kazi moja.

Tazameni afya. Nchi yetu imegawanywa katika maeneo ya afya zaidi ya 500, kila moja likikusudiwa kuwa na hospitali kuu ya rufaa na vituo vyake. Mpangilio huu una mizizi hapa hapa katika nchi ya Waswahili: kule Kasongo, Maniema, katika miaka ya 1970, madaktari waliofanya kazi pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp walijaribu kuonyesha jinsi hospitali na vituo vya vijijini vinavyoweza kuwa mwili mmoja. Daktari mkuu wa eneo la afya si mtu wa kupima wagonjwa tu. Anagawa dawa zisizotosha, anasimamia wauguzi ambao mishahara yao inachelewa, anaamua kama mafuta ya pikipiki yaende kwenye chanjo au kwenye kipindupindu. Miaka 3 ya kazi hiyo ikimpeleka daktari kutafuta masta ya afya ya umma au ya usimamizi, hatutamwuliza kitu. Maswali anayo tayari, yamemkosesha usingizi. Ndiyo sababu Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa, iliyoanzishwa katika miaka ya 1980, imekuwa na maana kwa nchi.

Tazameni hasa madini, sisi tunaoishi juu yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa mwezi wa tatu 2018. Inaagiza kwamba mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali ambapo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3,5. Wa kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, ni asilimia 10. Mbali na hayo, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0,3 ya jumla ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jumuiya zinazoizunguka, na kutia sahihi pamoja nazo daftari la ahadi: shule gani, kisima gani, barabara gani, kwa muda gani.

Sasa mketishe mezani mwanasheria asiyejua kusoma hesabu za kampuni. Atawaambia wanakijiji kwa usahihi kabisa kwamba wana haki ya asilimia 0,3. Hatajua ni 0,3 ya nini. Mketishe mhasibu asiyejua sheria: ataona jumla imejumlishwa vizuri, ataridhika. Lakini kampuni ikimwuzia shaba kampuni nyingine ambayo ni dada yake, kwa bei iliyo chini ya ile ya soko la madini la London, mkataba utakuwa na mihuri yote na hesabu itakuwa imejumlishwa bila kosa, na kijiji kitapata kisima kimoja badala ya vitatu. Mtu wa kuuliza kwa nini bei ni ile ni yule anayeusoma mkataba kwa jicho moja na hesabu kwa jingine. Ng'ambo ya meza, kampuni inao watu wa namna hiyo, wala haikosi fedha za kuwalipa. Upande wa kijiji, kwa kawaida hayupo hata mmoja.

Je, tulimkatalia ndugu yetu kazi hiyo? La hasha. Tulimwuliza anaitakia nini masta ya biashara. Alijibu kwamba soko la ajira linahitaji watu wenye maarifa mengi. Tukamwuliza mara ya pili. Akajibu yale yale kwa maneno marefu zaidi. Katika barua yake yote ya maombi, kurasa 2, hapakuwa na jina la kazi yoyote, wala la mahali popote, wala la mtu yeyote anayemsubiri.

Kuna pingamizi moja lililotuumiza, na hatutalikwepa. Dada mmoja alisimama akasema: watoto wa wakubwa wanakwenda Ubelgiji na Ufaransa, wanarudi na shahada mbili, hakuna anayewauliza za kazi gani. Mnapofika kwa mtoto wa maskini ndipo mnapokumbuka maswali. Ukumbi ulipiga makofi, na ulikuwa na haki ya kupiga. Ni kweli kwamba maswali huwaangukia wanyonge. Lakini fedha za mtoto wa mkubwa si zetu, na anapozipoteza hapotezi ya mwingine. Fedha za mfuko wetu ni franka za akina mama wa jumuiya, zinazokusanywa kila Jumapili ya pili, na kila dola 100 inayokwenda kwenye karatasi ya pili ya mmoja ni dola 100 iliyotoka kwenye karatasi ya kwanza ya mwingine. Dada huyo hakutujibu juu ya kijana wa dola 180. Tunamwomba bado atujibu.

Tena tunawauliza ninyi mnaotetea shahada mbili kwa ajili ya maskini: mnajua nani anaweza kungojea miaka 2 mingine bila mshahara? Ni yule mwenye mjomba. Wasio na mjomba huacha katikati, na nusu ya masta haina muhuri. Tumewahesabu watatu katika parokia yetu peke yake.

Kikao kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tutapiga kura kwanza juu ya zile dola 180, na tutasimama hivyo hata tukibaki wachache. Kuhusu ndugu yetu mwanasheria, pendekezo letu ni hili: badala ya barua ya kupokelewa chuoni, atuletee daftari moja la ahadi lililotiwa sahihi kati ya kampuni na mojawapo ya jumuiya za hapa karibu, likiwa limesomwa, na pembeni yake ameandika kila mahali aliposhindwa kuelewa hesabu. Akija na daftari hilo, na pembeni pamejaa, sisi tuliompinga tutakuwa wa kwanza kuinua mkono.