Anayeokoa na Anayelea

Nyumba inayokwisha kujengwa huku Mbweni aghalabu huacha nje ya ukuta wake kifusi, vipande vya nondo, na mbwa. Desturi hiyo anaijua kila aliyewahi kununua kiwanja upande huu wa Kinondoni, kutoka Boko na Ununio hadi Mbweni JKT: mwenye kiwanja humwajiri mlinzi wa saiti, mlinzi naye hutafuta watoto wawili watatu wa mbwa wa kienyeji wamsaidie kubweka usiku saruji isiibwe, na kwa muda wote wa ujenzi wanyama wale hula ugali wa mlinzi, hulala chini ya mbao za kupaulia, na huzaana, kisha rangi hupakwa, geti hutiwa, mlinzi hulipwa ujira wake wa mwisho akarudi kwao, na mwenye nyumba huhamia pamoja na mbwa wa Kijerumani aliyemnunua kwa fedha nyingi, ilhali wale walioilinda mali yake tangu msingi hawamo tena katika hesabu ya mtu yeyote. Tangu siku hiyo huitwa mbwa koko, kana kwamba walizaliwa jaani.

Kisa cha paka ni kifupi zaidi. Mpangaji akihama huchukua godoro na jiko la gesi, paka akabaki juu ya bati akingoja mlango ufunguliwe. Na walio karibu na bahari hujipatia vichwa vya samaki pale mashua zinapofika Ununio, wakaishi bila ya kumwomba mtu na kuzaa bila ya kukoma, maana paka jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza nusu mwaka, na huibeba kwa muda wa wiki tisa tu.

Siandiki haya kuwashutumu wenye nyumba, ingawa wanastahili kidogo. Naandika kwa sababu katika mji wetu watu wenye huruma si haba, na hata hivyo huruma yao haifiki mwisho wa safari. Yule amtoaye mtoto wa mbwa katika mtaro wa barabara ya Bagamoyo hupigwa picha, husifiwa na majirani, na sifa hizo ni haki yake. Lakini kutoka mtaroni hadi kwenye nyumba ambamo mnyama yule atakaa maisha yake yote pana masafa ya miezi miwili mitatu, na masafa hayo hayapitiki bila ya mtu wa tatu, ambaye si mwokozi wala si mmiliki, aliye tayari kumweka uani mwake, kumlisha, kumpeleka kwa tabibu, kumzoesha watu, kisha kumtoa. Huyo ndiye mlezi wa muda, na huyo ndiye tunayemkosa. Rai yangu ni kwamba tumeitukuza mno saa ya kuokoa, tukaisahau miezi inayoifuata.

Mathalan, mbwa jike wa mitaani huonekana mara kwa mara akitokwa na damu nyuma, watu wakadhani amejeruhiwa au yumo katika siku za kutaka dume, kumbe ana uvimbe wa sehemu za uzazi unaoambukizwa kwa kupandana, ambao chembe zake zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Ni maradhi ya kutisha kwa sura, lakini tiba yake inajulikana: tabibu humdunga mshipani dawa iitwayo vinkristini, itumikayo pia kutibu baadhi ya saratani za binadamu, mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki nne hadi sita, na walio wengi hupona kabisa. Sasa nani atamshika kila wiki mbwa asiye na kwao? Akidungwa sindano ya kwanza kisha akaachwa aende zake, fedha imepotea, uvimbe utaendelea, na madume ya mtaa mzima yataambukizwa kama kwanza. Dawa ipo na daktari yupo. Kilichokosekana ni uzio, kamba, na mtu wa kukumbuka kwamba leo ni Jumanne.

Kufunga kizazi nako ni vivyo hivyo. Upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi, lakini mshono wa jike huhitaji siku kumi hadi kumi na nne katika mahali pakavu pasipo vumbi wala madume, na mahali pa namna hiyo hapapatikani chini ya meza ya muuza chipsi. Watoto wa mbwa nao huanza chanjo wakiwa na wiki sita hadi nane, nayo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka watimize wiki kumi na sita. Katikati ya sindano hizo wako hatarini kushikwa na parvo, kuhara damu kunakoweza kuwamaliza ndugu wote wa mzao mmoja katika siku chache. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, kwa hiyo ua ambamo mtoto mmoja amekufa kwa maradhi hayo usipokee mwingine asiyechanjwa, hata kama sakafu imeoshwa kwa jiki iliyochanganywa na maji, ambayo ni katika vitu vichache viwezavyo kuviua.

Kazi yenyewe haina fahari. Paka aliyekwisha kuonja uchungu wa dawa hadanganyiki kwa dagaa mara ya pili. Basi unamviringisha katika kanga kuukuu, miguu yote minne ikiwa ndani na kichwa peke yake nje, ukamweka mapajani akitazama mbele, ukalishika taya la juu kwa kidole gumba na cha shahada katika pembe za mdomo, ukakiinua kichwa kidogo mpaka taya la chini lilegee lenyewe, ukakitupia kidonge nyuma kabisa ya ulimi, na kumpapasa koo mpaka alambe pua, hiyo ikiwa ishara kwamba kimeshuka. Mkwaruzo mmoja au miwili ni ushuru wa kazi. Na kwa kuwa wengi wetu hujitibia nyumbani, sina budi kuonya kwamba Panado isimkaribie paka kabisa, kwani kidonge kimoja cha binadamu chaweza kumuua. Wala asipakwe dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa na yenye permethrini, ambayo humtia mtukutiko mpaka afe. Hisani iliyofanywa bila ya kumuuliza daktari imekwisha kuzika paka wengi.

Ama huyo daktari, kumfikia ni mtihani wa peke yake. Katika nchi yenye ng'ombe wengi kama yetu si ajabu tabibu wa wanyama akafikiriwa kuwa wa ng'ombe kwanza, hata jina tulilomzoea ni bwana mifugo, na vijana wanaohitimu Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wanajua kwamba riziki iko zaidi kwenye maziwa na nyama kuliko kwenye paka wa Ununio. Kituo cha daladala kiitwacho Veterinari kiko Temeke, jirani na maabara kuu ya serikali ya maradhi ya wanyama, na kutoka Mbweni kwenda huko ni kuukata mji wote. Makonda hawapakii mbwa, na siwalaumu. Bodaboda atakubali paka ndani ya tenga lililofungwa kamba, lakini mbwa mgonjwa hutaka bajaji, na dereva wa bajaji hutaka nauli ya kwenda, ya kungoja, na ya kusafisha kiti. Wapo pia wajiitao madokta wanaozunguka na mikoba ya sindano. Mtu asione haya kuwauliza kama wameandikishwa na Baraza la Veterinari, kwani Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliwekwa kwa ajili hiyo.

Kwa sababu hizi gharama ya mnyama mmoja haipasi kumwangukia mtu mmoja. Sultani Baibars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, husimuliwa kuwa aliacha bustani mjini Kairo iwe wakfu wa kuwalisha paka, na sisi watu wa pwani, ambao tunaijua vizuri maana ya kuwekea wakfu kisima au shamba la minazi, hatuna hoja ya kuliona jambo hili kuwa geni. Watu kumi wa mtaa mmoja wakichangia kila mwezi, fedha zikakaa kwa mweka hazina anayeonyesha risiti, na wakapatana na daktari mmoja bei ya wanyama wengi badala ya bei ya mmoja mmoja, mlezi atabakiwa na mzigo wa chakula na usingizi tu. Hadi sasa sehemu kubwa ya kazi hii imeachiwa wageni wa Masaki na Oysterbay, ambao mikataba yao ikiisha huondoka, na mara nyingine huacha wanyama wengine nyuma yao.

Najua pingamizi itakayoletwa, na ni ya heshima: mbwa ni najisi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na sina nia ya kumfundisha yeyote dini yake. Wenzetu wafuatao Maliki wana hukumu nyepesi zaidi. Lakini hukumu ya tohara haijapata kuwa ruhusa ya kurusha mawe. Watoto wa chuoni huhadithiwa habari za mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka pasipo chakula. Na sahaba Abu Huraira jina lenyewe alilojulikana nalo limetokana na paka. Mwislamu atakaye kulea mbwa kwa muda anaweza kumweka uani, akampa bakuli lake peke yake, na akaiweka nguo ya kumhudumia mbali na nguo ya sala. Asiyeweza hata hilo, paka wapo, ambao tohara yao haina mjadala.

Pingamizi ya pili ni ya kichaa cha mbwa, nayo si ya kupuuzwa, kwa kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na dalili zikishadhihiri ni nadra mno mtu kupona. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile bila ya kungoja kuona mbwa atakuwaje. Walakini jawabu la hofu hiyo si kuwaua mbwa kwa bunduki. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, ambako ugonjwa uliingia mwaka 1997, waliua mbwa kwa wingi wa kutisha, na kichaa kikabaki. Kwetu Pemba walianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010, ugonjwa ukatoweka. Ulinzi ulipolegea ukarudi mwaka 2016 kwa maambukizi yaliyotoka nje ya kisiwa, wakachanja tena kila shehia, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ulikuwa umekwisha. Kanuni ya wataalamu ni kuchanja saba katika kila mbwa kumi, na kila mbwa apitaye mikononi mwa mlezi wa muda hutoka akiwa na kadi ya chanjo, yaani ni mmoja wa wale saba, ilhali kila mbwa aliyechanjwa akapigwa risasi huacha nafasi yake kwa asiyechanjwa.

Kwa hiyo nadhani serikali ya mtaa na maafisa mifugo wa kata wana dhima hapa, hasa kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekwisha kumtaka mwenye mnyama amtunze na imeharamisha ukatili. Mtu akienda Manispaa kuomba kibali cha ujenzi huulizwa ramani na hati ya kiwanja. Haitagharimu kitu kumwuliza pia mbwa wa saiti watakuwa wangapi, na kumtaka awachanje na kuwafunga kizazi kabla ya paa kuezekwa. Watacheka ofisini, najua. Wacheke kisha waandike.

Linabaki tatizo moja ambalo sheria hailiwezi, nalo ni mlezi asiyetaka kuachia. Baada ya wiki nane za kumnywesha maziwa kwa bomba la sindano, mtoto wa paka huwa amekuwa mtoto wa nyumba, na mlezi hujisemea kwamba huyu mmoja atabaki. Mwakani wanakuwa saba, ua umejaa, mume au jirani amenuna, na mlezi bora wa mtaa amefunga mlango wake. Kuachia ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Mlezi amtoe mnyama akiwa amefungwa kizazi na ana kadi, aende kuitazama nyumba mpya kabla na baada, amwambie mpokeaji waziwazi kwamba mambo yakimshinda amrudishe badala ya kumtupa, kisha afue matandiko na kumpokea mwingine.

Na wasio na ua, wanaoishi katika vyumba vya kupanga ambako mwenye nyumba hataki hata kuku, nao wana sehemu yao. Mwenye gari linalofungwa vizuri nyuma na aamkaye mapema aweza kulitoa Jumamosi moja kwa mwezi, akapitia nyumba tatu au nne za walezi saa kumi na mbili asubuhi, akawafikisha wagonjwa kwa daktari kabla foleni ya Tegeta haijaanza, na kuwarudisha jioni wakiwa bado wamelewa dawa ya usingizi. Atandike gunia na magazeti ya zamani sakafuni, afungue madirisha, na paka asipakiwe pamoja na mbwa.