Kwanza Hesabu Magurudumu

Mjumbe mmoja wa jopo alisubiri nimalize kuwasilisha andiko langu la utafiti, akavua miwani, akauliza: "Kwa hiyo, binti, unataka tukupe shahada ya uzamili kwa kutengeneza midoli?" Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu, na kicheko changu hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Nilipaswa kumuuliza swali moja: injini ya mvuke ya daraja la 30, iliyovuta treni za Reli ya Kati enzi za reli ya Afrika Mashariki, ilikuwa na magurudumu mangapi? Nina hakika asingejibu. Mimi ninajua, na nimejua kwa sababu ya huo mdoli.

Makala hii ni jibu nililoshindwa kulitoa siku ile.

Ninachotengeneza ni modeli ya injini hiyo, kwa bati, waya na vyuma vya kuchonga, kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Reli yetu ya zamani, ile inayotoka Tabora, ikapita Isaka na Shinyanga, na ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Kwa hiyo reli zangu zimeachana milimita 50. Siyo 48, wala "kama sentimita tano hivi". Nikikosea hapo, kila nitakachokiweka juu yake kitakuwa uongo.

Marekani wana chama cha kitaifa cha waunda modeli za reli, kilichoanzishwa Milwaukee mwaka 1935, na kazi yake kubwa tangu mwanzo imekuwa kukubaliana vipimo, ili behewa la mtu mmoja liweze kutembea kwenye reli ya mwingine. Uingereza nao wamo. Ni watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, na wanaweza kugombana wiki nzima kwa sababu fulani kaweka mstari wa ribiti mahali ambapo injini halisi haikuwa na ribiti. Nilipowasoma mara ya kwanza nilisema kile ambacho kila mmoja wetu husema: wazungu wana muda. Nimeacha kusema hivyo. Aliyeniachisha ni babu yangu.

Babu alianza kazi ya reli akiwa faiamani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla hajawa dereva wa injini za dizeli. Sasa anaishi Shinyanga, karibu na reli kiasi cha kusikia honi. Likizo ya kwanza ya masomo yangu nilikaa naye siku nne na kinasa sauti. Nikamuuliza maswali kama nilivyofundishwa darasani. Eleza mazingira ya kazi. Eleza uhusiano wa wafanyakazi na uongozi. Alijibu kama mtu aliyeitwa ofisini: "Kazi ilikuwa nzuri, mjukuu wangu. Tulichapa kazi." Nilirudi chuoni na saa sita za sauti, na ndani yake hamna kitu. Nilikuwa nimemwonyesha pia picha za injini kwenye simu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliishika simu kwa heshima, akaigeuza, akanirudishia.

Likizo iliyofuata nilikwenda na modeli ya kwanza. Nilikuwa nimeikata kutoka kwenye madebe ya mafuta ya kula, nikaiunga kwa risasi, nikaipaka rangi ya damu ya mzee. Nikaiweka mapajani mwake. Alianza kuipapasa kutoka mbele, polepole, kama anayetafuta homa kwenye paji la uso wa mtoto. Vidole vilipofika kwenye bomba la moshi vikasimama.

"Hili bomba la wapi?"

Nilikuwa nimeweka bomba la mviringo, kama lile linalochorwa kwenye vitabu vya watoto.

"Letu lilikuwa bapa," akasema. "Jembamba hivi, refu kwenda nyuma. Walikuja kubadilisha, wakatuambia hili linavuta moshi vizuri, mafuta yatapungua. Nani kakwambia mviringo?"

Alikuwa amekasirika kwelikweli. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu nianze masomo haya. Vidole vikaendelea hadi nyuma, kwenye tenda, lile gari la maji na mafuta linalofungwa mgongoni mwa injini. (Vijana wenzangu, sizungumzii zabuni za halmashauri.) Akapima urefu wake kwa shubiri, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya Uganda."

Nikamuuliza ana maana gani. Ndipo alipoanza kusema, na alisema mpaka kuku wakaingia bandani. Injini za daraja la 30 na la 31 ni ndugu, akaniambia. Ukiziona kwa mbali utazichanganya. Lakini za 31 zilikuwa na tenda ndogo, kwa kuwa kule zilikopelekwa maji hayakuwa taabu. Za 30 zilipewa tenda kubwa kwa sababu ya nchi yetu kavu, Dodoma, Manyoni, na huku kwetu. Akaeleza kiangazi kimoja ambapo treni iliposimama kwenye stesheni ndogo kina mama walikuwa tayari wamejipanga na ndoo. Hawakuwa na safari. Walikuwa wanaisubiri tenda. Kanuni ilikataza kumpa mtu maji ya injini. Dereva wake aligeukia upande wa pili, akawasha sigara, akaivuta bila haraka, na babu akafungua koki.

Saa sita za maswali yangu ya kisomi hazikumtoa habari hiyo. Ilimtoka kwa sababu tenda ilikuwa fupi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na lile jopo ulipo, na ndipo ugomvi wangu na sisi sote ulipo. Neno linalotuharibia ni "inafanana". Sanamu inafanana, picha ya ukutani inafanana, treni ya bati ya maonyesho ya shule inafanana, basi tunapiga makofi. Kitu kinachofanana tu hakimkasirishi mzee yeyote. Atatabasamu, atasema hongera mjukuu wangu, na atakufa na koki yake. Ukimletea kitu kilichodai kuwa sahihi, kikakosea, hapo umempa mahali pa kukushika. Usahihi ni namna ya kuuliza swali, na ni swali ambalo mtu wa kazi analielewa kuliko lugha ya madodoso.

Wapo watakaosema kupimapima huko si utamaduni wetu. Hao niliwajibu kwa miguu, kwa kwenda Katoro.

Modeli ya pili ilihitaji magurudumu ya kweli, yenye ukingo wa kushika reli, si vifuniko vya chupa wala vipande vya kandambili. Nikapita Kahama nikafika Katoro, kwa fundi wa kuchonga vyuma ambaye riziki yake ni shafti za makarasha, mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Nikamwonyesha mchoro. Nikamwambia, kwa aibu, kwamba yakikaribiana ukubwa inatosha, ni modeli tu. Akanitazama, akachukua venia kalipa yake, akaifuta kwa kitambaa.

"Dada, hapa hakuna kukaribiana. Shafti ikipishana kidogo, beringi inakufa ndani ya wiki na mtu anakuja na panga. Niambie ngapi."

Nikamwambia ngapi. Alipomaliza kila gurudumu alilipima, na mawili aliyatupa bila mimi kusema neno.

Katoro ni mahali ambapo mtu akitoka mwaloni na dhahabu yake humwendea mnunuzi mwenye mzani wa kioo, na wote wawili hunyamaza namba zinapotulia. Pale watu wanahesabu pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu, na pointi moja inaweza kuvunja undugu. Geita walifunguliwa soko la madini mwaka 2019 ili mzani uwe mmoja na uonekane na wote. Upande wetu wa Shinyanga, almasi ya Mwadui inapimwa kwa karati tangu ilipogunduliwa mwaka 1940, na karati moja ni sehemu ya tano tu ya gramu. Sijawahi kusikia mtu wa ukanda huu akiuza dhahabu "inayofanana na gramu". Kupima tunajua, tena sana. Tumechagua tu kwamba kinachostahili kupimwa ni kile kinachochimbwa na kuondoka. Kile tulichokifanya sisi wenyewe kwa mikono yetu, hicho tunakikadiria.

Pingamizi zito zaidi nililisikia kwa mama yangu mdogo, mwalimu, na silidharau. Alisema: watoto wangu wanakaa chini, wewe unahesabu ribiti. Ni kweli wanakaa chini. Lakini sijaomba dawati lolote ligeuzwe kuwa injini. Madebe nilipewa bure na mama lishe. Magurudumu yaligharimu shilingi 70,000, nikalipa kwa awamu mbili. Na watoto haohao wa mama mdogo, nilipowawekea reli ya milimita 50 sakafuni na kuwauliza reli halisi ina upana gani ikiwa hii imepunguzwa mara ishirini, walipata jibu kabla sijamaliza sentensi, kisha wakatoka mbio kwenda kuipima kwa kamba. Sijui somo gani la uwiano lingewatoa mbio.

Wapo pia wanaotupenda kwa njia mbaya. Kila baada ya miezi michache mtoto fulani wa mkoani anatengeneza basi au treni ya makopo, kamera zinakuja, mtangazaji anasema "kipaji", anamalizia na "serikali imsaidie". Hakuna anayeinama kumuuliza kwa nini ameweka dirisha pale na si hapa. Tukimwita mtoto kipaji tumejiondolea kazi ya kuangalia alichofanya. Huenda alihesabu. Huenda amekosea pazuri, mahali ambapo babu yake angemrekebisha kama tungewaweka pamoja.

Wakati sisi tunasifu vipaji, wenzetu wameshika vipimo. Reli ya Afrika Mashariki ilipovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kilichokuwa upande wake. Ukitaka leo kuigusa injini ya daraja la 30, nenda Nairobi, kwenye makumbusho ya reli. Ipo namba 3020. Injini za daraja hilo zilipewa majina ya makabila, na hiyo inaitwa Nyaturu, watu wa Singida. Jirani yake kuna Garratt kubwa mbili za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester, zenye majina ya milima: Mount Gelai, ambao uko Longido, na Mount Shengena, ambao uko Upareni. Nawashukuru Wakenya kwa dhati, maana wao walitunza. Michoro ya Beyer, Peacock nayo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Manchester. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ina daftari, ila daftari liko Manchester na mali iko Nairobi. Kwetu yamebaki majina, na vidole vya wazee.

Na vidole havisubiri. Reli mpya, ile ya upana wa milimita 1,435, imekuwa ikijengwa kati ya Isaka na Mwanza tangu 2021, kilomita 341, ikipita huku kwetu. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam. Nimezipanda na nimezifurahia, sina ugomvi nazo. Siku moja nitaiunda modeli yake pia. Kwa kipimo changu reli zake zitaachana karibu milimita 72. Ila hiyo inaweza kungoja, kwa sababu waliojenga wana michoro. Aliyefungua koki hana mchoro.

Nimeikata tenda upya mara mbili. Ya tatu ni ndefu, na bomba la moshi ni bapa. Babu ameipapasa akafika hadi chumba cha dereva, akakaa kimya, halafu akasema kiti cha faiamani nimekiweka upande wa dereva. Nitarudi kukihamisha. Ameniahidi kwamba nikikipatia ataniambia habari za usiku mmoja Malampaka, na mimi simwamini kwamba atangoja mpaka nikipatie.

Muhula ujao nitasimama tena mbele ya jopo. Safari hii sitaanza na nadharia. Nitaiweka injini mezani, mbele ya yule mjumbe, nimwombe avue miwani tena na afumbe macho. Magurudumu mawili madogo mbele, ya kuongoza njia kwenye kona. Manane makubwa katikati, ya kuvuta. Manne nyuma, chini ya tanuri, ya kugawa uzito ili usivunje reli nyembamba za nchi ambayo wakoloni hawakuona sababu ya kuitandikia reli nzito. Yote ni kumi na manne, ukiacha ya tenda.

Akishayahesabu kwa vidole vyake, ana ruhusa yangu ya kuiita mdoli.