SIRI YA MWANAFUNZI: WAPI MWISHO WAKE?



Kuko neno moja linatusumbua. Mwanafunzi akiwa na taabu, wakubwa wanamuambia: «Nenda kwa konseye, ukafungue moyo.» Lakini wengi wetu hawaendi. Juu ya nini? Juu tuliona mambo. Mwenzetu mumoja, kwa masomo alikotoka, alieleza konseye taabu ya nyumbani kwao. Kesho yake asubui taabu ile ilitajwa katika ibada, ati «tumuombee ndugu yetu». Jina halikusemwa, lakini interna nzima ilimujua. Kusengenya kwa kufunga macho ni kusengenya tu!

Hata sheria ya inchi inajua neno hili. Sheria ya azabu ya 1940, katika artikle ya 73, inasema munganga, mukunga na kila mutu anayepewa siri juu ya kazi yake, akiitoa, anaweza kufungwa mwezi moja mpaka miezi sita. Lakini artikle ile ile inaacha njia: kama tribinali imemuita kushuhudia, ao kama sheria inamulazimisha kusema.

Basi siri iko na mpaka. Na sisi wenyewe tulikosea upande ule mwingine. Rafiki yetu alituambia usiku kwamba amechoka kuishi. Akatuapisha, tukanyamaza siku tatu. Ni mulinzi wa usiku aliyemukuta kwa wakati. Leo yeye ni muzima, na sisi tungali tunasikia haya. Siri ya namna ile haifichwi. Vile vile ya mutoto anayepigwa ao kuharibiwa na mukubwa: sheria ya 10 Januari 2009 inalinda kila mutoto chini ya miaka 18, na kunyamaza kunasaidia mwenye kosa tu.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, konseye atuambie mipaka mbele hatujaanza kueleza. Pili, kama ni lazima aseme, amuambie kwanza mwanafunzi mwenyewe. Tatu, aseme kwa yule tu anayeweza kusaidia, si kwa chumba chote cha waalimu.

Na sisi wanafunzi, tuache kuhesabu nani ameingia katika ofisi ile.

Waalimu wetu, tunangoja jibu lenu katika numero inayokuja.

Sisi wa mwaka wa tano