Ukichoma gari, umechoma ushahidi

Vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Kazi hatuna, lakini telefone tuko nazo. Hivyo njo mambo yalianza. Sisi ni vijana wanne tuliomaliza masomo, diploma ziko ndani ya bahasha, na kila asubuhi tunapanda taxi-bus kupeleka barua za kuomba kazi. Siku moja, kwenye barabara ya Kasapa, shofere alikuwa anaendesha na mkono mmoja, mkono mwingine telefone. Akapita gari zingine upande wa kuume, kule kwenye vumbi ambako watoto wa shule wanatembea. Tukamwambia: "Shofere, polepole." Akajibu: "Kama unaogopa, shuka." Tulishuka. Lakini mbele ya gari kuondoka tuliandika plake yake, na jioni ile tukafungua grupe ya WhatsApp ya kutaja mashofere wabaya wa mji wetu.

Muda kidogo grupe ikajaa watu 1 024. WhatsApp haikubali zaidi, tukafungua ya pili. Kila siku habari ziliingia: kamiyo za shaba zinazoenda Kasumbalesa usiku bila taa za nyuma, manseba aliyebeba watu watatu na mtoto mbele juu ya tanki, jeep ya mkubwa fulani inayopanda pembeni ambako mama wanauza mikate, taxi-bus inayosimama katikati ya njia pale Carrefour kama vile barabara ni parseli ya baba yake. Watu walifurahi. Mwishowe kulikuwa pahali pa kusema.

Leo tunaandika juu ya kosa letu wenyewe, kwa sababu mwendo wa raia usiojikosoa hauna haki ya kukosoa serikali.

Siku ile mtu mmoja alituma picha ya taxi-bus nyeupe, na maneno haya: "Huyu amegonga mtoto ku Katuba, amekimbia. Tumutafute." Hatukuuliza nani aliona. Hatukuuliza saa ngapi. Tuliona neno "mtoto", damu ikapanda, tukapitisha. Haikuisha saa mbili, gari ile ikaonekana kwenye parking. Vijana wakaizunguka. Kioo cha mbele kilivunjwa na mawe, mtu mmoja alikuwa tayari na chupa ya mafuta. Mama wauza mboga njo waliomwokoa shofere: walimwingiza nyuma ya meza zao, wakasimama mbele.

Kesho yake ukweli ukatoka. Aliyeandika plake aliona 8 pahali pa 3. Shofere ule hakukanyaga Katuba siku nzima. Na ule aliyegonga mtoto kweli, mpaka leo hatujui ni nani, kwa sababu wote tulikuwa tunamkimbilia mwingine.

Tulienda kwake kuomba msamaha. Ni baba mzima, anaweza kutuzaa. Alitukalisha, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Bana yangu, namba yangu ya telefone imeandikwa nyuma ya gari, kubwa. Juu ya nini hamukuniita?" Hatukuwa na jibu. Kioo tulichanga sote, tukakilipa pole pole. Woga alioupata hatuwezi kuulipa.

Baada ya pale grupe iligawanyika. Wamoja walisema tufunge. Wengine walisema hapana, tuongeze moto: tuweke sura zao, tuweke na avenue wanamoishi, waogope. Ndugu, tunaelewa hasira hiyo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu watu karibu milioni 1,19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani, na kwa watu wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kinachoua kupita barabara. Hao ni sisi na wadogo zetu. Hapa kwetu kila mtu ana jina moja la kulia.

Lakini tujiulize swali la kweli: tukichoma gari, familia ya mtoto inapata nini?

Katika inchi yetu, sheria inalazimisha kila gari kuwa na assurance ya kulipa watu itakaowaumiza. Ili ilipe, inahitaji plake, jina la mwenye gari, karatasi ya polisi inayoeleza namna ajali ilipita, na mashahidi. Gari ikiungua, shofere akikimbia na mashahidi wakijificha juu ya kuogopa kukamatwa kwa kosa la kuchoma, mama wa mtoto anabaki hospitalini na deni peke yake. Sisi tuko nyumbani tunahesabu "likes". Ukichoma gari, umechoma ushahidi. Na hata shofere mwenye kosa ni mtu: Katiba yetu, article 17, inasema mshtakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka tribunali imhukumu. Haisemi mpaka grupe imhukumu. Tena Code du numérique ya 2023 inaadhibu mtu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mwenzake kwenye mitandao, na yule anayeisambaza pia. Kupitisha tu si kisingizio.

Kwa hiyo hatukufunga. Tulibadilisha kazi, na sasa hizi njo kanuni zetu.

Habari inaingia tu kama iko na siku, saa, pahali, plake na kitendo. "Ule shofere ni mchawi" si habari. "Amepita gari zingine mbele ya shule, saa moja na nusu asubuhi" ni habari. Watu wawili wanapaswa kuwa wameona, ao picha ionyeshe plake vizuri. Sura ya mtu hatuweki, nyumba yake hatutaji, na maiti ao majeruhi hatupigi picha kabisa. Ukifika kwenye ajali, kwanza saidia mtu, zuia gari zingine, ita wazima wa pale. Telefone ya kupiga picha inakuja nyuma. Plake zenyewe tunaandika kwenye daftari letu, haziendi kwa watu wote. Kama namba ya shofere ao ya mwenye gari iko, tunamwita asikiwe. Wamoja wanatukana. Wamoja wanasema asante, hawakujua.

Na tukianza kuwasikiliza mashofere, tuliona kitu ambacho hasira ilituficha. Shofere wa taxi-bus kila jioni anapaswa kumpelekea mwenye gari versement, mvua inyeshe ao jua liwake. Mbele ya kupata ya kwake, anatafuta ya patron, ya mafuta, na ya wale wanaomsimamisha barabarani. Njo maana anakimbia, anajaza watu, hasimami pahali panapofaa. Haimwondolei kosa: breki ni ya mguu wake, si ya patron. Lakini kama tunataja shofere na hatutaji mwenye gari anayemtuma barabarani na pneu zimeisha, tumetaja nusu ya kosa. Na kama hatutaji yule anayepokea franka zilizokunjwa ndani ya permi, kisha anasema "pita", tumeacha mzizi. Mji wetu umeona mpaka roboti za roulage zenye kamera, kazi ya injinia mama wa Kikongo, Thérèse Izay. Roboti inaona vizuri. Lakini kuona bila mtu wa kujibu ni bure, na grupe yetu ilikuwa karibu kuwa roboti ingine: macho mengi, hakuna jibu.

Daftari sasa linasema. Linaonyesha kwamba habari zinarudia pahali palepale: mbele ya shule, kwenye njia panda zisizo na alama, kwenye mashimo ambako kila gari inahamia upande wa wenzake. Hapo kosa si la mtu mmoja tena. Katiba, article 27, inampa kila Mukongomani haki ya kupeleka petition kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi 3. Tunaandaa yetu: pahali, masaa, hesabu, bila jina la mtu. Tutaomba vizuizi vya kupunguza mbio mbele ya shule, mistari ya kuvukia, na amande zinazolipwa na karatasi, si na mkono. Tutaipeleka wenyewe, kwa miguu, bila jiwe. Tutaomba mhuri wa kupokelewa, na kuanzia siku ile tutahesabu siku mbele ya watu wote.

Wamoja kati yenu watasema hiyo ni polepole sana. Ni kweli. Watu karibu mia mbili walitoka kwenye grupe tulipokataza sura. Tunawaambia: rudini. Hasira yenu tunaihitaji, lakini ije na siku, saa na plake.

Na wewe unayesoma ukiwa ndani ya taxi-bus sasa hivi, kama shofere anakimbia, usinyamaze. Mwambie na heshima: "Baba, tupunguze, tuko na watoto nyumbani." Mwenzako wa kiti akuunge mkono, na wa nyuma pia. Mtu mmoja anaambiwa "shuka". Gari nzima haiwezi kushushwa.