Nauli ya Bunda nani alilipa?

Wiki hii msinicheke, maana nimekuja kuungama. Kila siku nawachambua wenzangu hapa, leo nimejikamata mwenyewe.

Ilikuwa mapema mwaka 2019. Mshikaji wangu mmoja alinipitia geto asubuhi, hapa hapa Musoma. "Vaa shati safi twende Bunda, kuna semina." Wee! Kwa mwandishi aliyefulia, semina ni neno tamu kuliko asali. Chai ya maziwa na sambusa, mchana pilau la kuku, jioni bahasha. Semina ya nini? Hata sikuuliza. Nilipiga pasi shati, nikadandia Hiace.

Ukumbini tulikuta bango kubwa lenye picha ya jani la kijani na jina la kikundi refu kama treni, limejaa maneno "mazingira", "maendeleo" na "wadau". Kijana mmoja wa suti akasimama, akaanza kutushushia. Eti mfuko wa Rambo hauna kosa, mwenye kosa ni anayeutupa. Eti ukipigwa marufuku, ajira zitakufa na mama ntilie ataumia. Kinachotakiwa ni elimu kwa wananchi, sheria isubiri kwanza. Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kikundi kile kinaishi kwa hela ya nani. Jioni nikapewa bahasha yangu, elfu thelathini. Wao waliiita "nauli". Nauli ya kweli ya Bunda hadi Musoma haikufika hata robo yake.

Basi nikaandika. Nusu ukurasa, wadau wanalia na marufuku ya mifuko. Na niwaambie kitu, sikudanganya hata neno moja. Ndiyo ubaya wenyewe huo. Niliandika kila walichosema, isipokuwa nani aliwalipa waseme.

Tarehe 1 Juni 2019 marufuku ikaanza nchi nzima, Rambo zikatoweka madukani, mimi nikasahau. Mshiko nao ulishaisha zamani.

Kilichonikumbusha ni ziwa. Mama yangu mdogo anaanika dagaa pale Mwigobero. Mwaka 2020 maji yalipanda, yakapanda, mpaka mchanga wake wa kuanikia ukawa chini ya maji. Mwezi Mei mwaka huo Ziwa Victoria lilivunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964. Baadaye, mwaka 2024, watafiti walitoa hesabu yao kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa kujaa kule kwa takriban mara 1.8. Yaani mvua ni ya Mungu, lakini binadamu naye alitia mkono.

Mama mdogo hajui tabianchi, anajua dagaa. Jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, haya maji yametoka wapi?" Nikamweleza habari za mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa huko duniani, hewa inavyopata joto, mvua zinavyoharibika. Akasikiliza mpaka mwisho. "Na hao wanaouza hayo mafuta, walikuwa hawajui?"

Jamani, swali lile lilininyima usingizi. Nikaanza kusoma, na niliyoyakuta huko ni kasheshe tupu.

Walijua. Mwaka 1989 makampuni makubwa ya mafuta, makaa na magari ya Marekani yaliunda kikundi, wakakipa jina zuri kweli, Global Climate Coalition, yaani Muungano wa Tabianchi ya Dunia. Ukilisikia jina utadhani ni watu wa kupanda miti! Kumbe ndani yake walikuwamo wakubwa kama Exxon, Shell, BP, Ford na General Motors. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wabunge na serikali wasipitishe sheria ya kupunguza moshi. Hoja yao kubwa? Sayansi haijakamilika, tusubiri kwanza.

Sasa shika kichwa. Mwaka 1995 wataalamu wa kikundi hicho hicho waliwaandikia mabosi wao kwamba msingi wa kisayansi wa hewa ukaa kuipasha dunia joto haukanushiki. Karatasi hiyo ilikuja kuanikwa magazetini mwaka 2009 baada ya kutoka kwenye kesi mahakamani. Ndani wanakubali, nje wanasema bado haijulikani.

Mwaka 1997 dunia ikajiandaa kwenda Kyoto, Japani, kukubaliana juu ya kupunguza moshi. Kikundi na wenzake wakamwaga dola milioni 13 kwenye matangazo ya kuwatia Wamarekani hofu, kwamba bei zitapanda na nchi kama China na India zitasamehewa. Tarehe 25 Julai mwaka huo Seneti ilikuwa imeshapiga kura 95 kwa 0 kusema haitakubali mkataba wa namna hiyo. Sisemi maseneta wote walinunuliwa, hapana. Wapo waliokuwa na sababu zao. Lakini hofu ile ilipikwa na kupakuliwa mezani. Mwaka 2001 Rais George W. Bush akaitupa Itifaki ya Kyoto. Karatasi za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zilizowekwa wazi baadaye zinaonyesha ofisa mmoja aliandaliwa kuwaambia watu wa kikundi kwamba rais ameikataa kwa sehemu kutokana na maoni yao.

BP alikuwa ameshatoka mwaka 1997, Shell 1998, Ford 1999, maana aibu ilizidi. Mwaka 2002 kikundi kikafunga duka. Kwa nini kisifunge? Kazi ilikwisha. Ila washawishi wenyewe hawakwisha. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai mwaka 2023, mashirika ya kiraia yaliwahesabu watu 2,456 wenye uhusiano na biashara ya mafuta, gesi na makaa, wote na vibali vyao shingoni.

Utasema, haya bwana, hayo ni ya Wazungu, Musoma yanatuhusu nini? Ngoja. Vuka hapo Sirari tu, uingie Kenya. Plastiki inatengenezwa kwa mafuta na gesi, kwa hiyo mwenye mafuta ndiye mwenye Rambo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tena kwa adhabu kali, mpaka jela miaka minne. Tarehe 28 Aprili 2020, Kenya na Marekani zikijiandaa kuzungumza mkataba wa biashara, chama cha viwanda vya kemikali cha Marekani, American Chemistry Council, ambacho wanachama wake ni pamoja na Exxon na Shell, kiliandikia serikali yao barua. Kilitaka mkataba huo uifanye Kenya kituo cha kusambazia kemikali na plastiki za Marekani Afrika, na kisitake kuona vizuizi vikiwekwa. Habari ilipolipuka magazetini Agosti mwaka huo, wakajitetea kwamba hawakulenga kuvunja marufuku ya Kenya. Mkataba wenyewe haukufikiwa. Lakini angalia mwezi. Aprili 2020, wakati barua ile inaandikwa, mama mdogo alikuwa anahamisha dagaa zake kukimbia maji.

Nikampelekea mshikaji wangu yule wa semina habari yote hii. Tulikuwa tumekwenda Butiama kwenye msiba, tumekaa kivulini, si mbali na Mwitongo alikozikwa Mwalimu. Akanicheka. "Kushawishi si dhambi, ndugu yangu. Wavuvi wakienda kwa mbunge kudai mwalo, si wanashawishi? Hata Mwalimu mwenyewe alikwenda Marekani kushawishi."

Hapo akanifunga mdomo kama dakika mbili hivi. Maana ni kweli. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea Tanganyika. Huo ni ushawishi, tena wa hali ya juu.

Halafu nikakumbuka. Nauli ile nani alilipa? Walilipa wanachama wa TANU, kwa kuchangishana. Alikwenda kwa jina la TANU, kwa hela ya TANU, akasema ya TANU. Kila aliyemsikiliza alijua anasema kwa niaba ya nani. Aliporudi akalazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi yake Pugu. Wavuvi nao wakienda kwa mbunge wanakwenda na sura zao, harufu ya dagaa na yote.

"Sasa niambie," nikamwambia mshikaji, "yule kijana wa suti wa Bunda alikuwa anasema kwa niaba ya nani?"

Akatazama chini, akachora chora mchangani na kijiti. "Mi' mwenyewe sijui. Niliambiwa nilete waandishi watano tu."

Tofauti yote iko hapo, msomaji wangu. Mwenye kiwanda ana haki ya kusema sheria itamuumiza, na asikilizwe. Ila aseme kwa jina lake, asijifiche nyuma ya jani la kijani. Wamarekani wenyewe wana sheria tangu 1995 inayowataka washawishi wa kulipwa wajiandikishe na kumtaja anayewalipa. Haikumaliza ujanja, lakini angalau pa kuanzia kuuliza pako.

Wiki iliyopita nikashuka Mwigobero, nikamweleza mama mdogo habari ya bahasha, yote, bila kuficha. Nilitegemea matusi. Akaendelea kugeuza dagaa zake, kisha akaniuliza, "Elfu thelathini tu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi walikupata bei ya chini. Mchanga wangu ulikuwa unaniingizia zaidi ya hapo."

Niliondoka na kilo mbili za dagaa, nimelipa bei aliyotaja yeye, sikuthubutu kuomba hata nyongeza. Na kwenye simu yangu kuna mwaliko mpya wa semina. Nimejibu kwa swali moja tu, nani analipa ukumbi? Siku ya nne leo, kimya. Wakinijibu nitawaambia, panapo majaaliwa, wiki ijayo.